Ufito Ukutani

Siku kiwanda cha chai kiliponunua projekta, meneja Obiero alitembea kifua mbele wiki nzima kama mtu aliyenunua gari. Ilikuwa mashine ya kumulika maandishi ukutani. Unaweka juu ya kioo chake karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, unawasha, na yote uliyoandika yanatokea ukutani, kila herufi kubwa kama sufuria. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na wakulima wengi wa upande ule wa Bureti hawakuwa wamewahi kuona kitu cha namna hiyo. Kwenye mkutano mkuu walijaa ukumbini hadi madirishani.

Basi Obiero akawasha. Ukutani likatokea jedwali lenye mistari arubaini na safu kumi na moja, tarakimu ndogo ndogo zimebanana kama siafu, naye akaanza kuzisoma moja baada ya nyingine, polepole, kwa raha zake, akianzia juu kushoto. Alipofika mstari wa tisa nusu ya ukumbi ilikuwa imesinzia. Alipofika wa ishirini mzee mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, akainuliwa, akapanguswa vumbi, akasinzia tena. Obiero alikuwa mtu mwema, tena msomi, na hakuna aliyekuwa na ugomvi naye. Ila alizipenda tarakimu zake jinsi wengine wanavyopenda albamu ya harusi yao, na hakujua kwamba mgeni aliyeketishwa kuitazama huchoka upesi.

Kwenye mstari wa thelathini na nne kulikuwa na habari mbaya ya Tebeswet. Aliyeiona ni Chepngeno peke yake, kwa kuwa yeye ndiye karani wa kituo hicho cha kununulia majani, na pia kwa kuwa alikuwa macho. Mstari ulisema kwamba katika kila vikapu kumi vya majani yanayotoka Tebeswet, karibu vinne vinafika kiwandani vimeharibika. Moyo ulimpasuka. Aligeuka amwambie Dorcus, mkulima wa Tebeswet aliyeketi kando yake, akamkuta Dorcus anakoroma.

Wiki moja baadaye barua ikaja. Vituo vitatu vyenye majani mabaya vitafungwa mwisho wa mwezi wa Septemba, isipokuwa kama vina la kuwaambia wakurugenzi. Kila kituo kitapewa dakika kumi, na projekta itatumika. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tano za plastiki, zimefungwa vizuri, kwa ajili ya kuandikia hayo ya kusema.

Kituo cha Tebeswet kikifungwa, wakulima mia mbili na kumi wangelazimika kubeba majani mgongoni hadi kituo cha juu mlimani, kilomita saba, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi huifikiria mara mbili. Wengi wao walikuwa akina mama. Dorcus, ambaye alikuwa na goti bovu na ulimi mzima, alisema waziwazi kwamba siku kituo kikifungwa yeye atang'oa chai yake apande viazi kama watu wa Londiani. Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa cha upande mmoja wa mdomo. Chepngeno aliahidiwa kazi kwingine, kwa hiyo hakuwa akijililia yeye. Aliwalilia hawa, ambao kwa miaka tisa alikuwa amewapimia majani na kujua kila mmoja anakohoaje.

Tena alijua ukweli ulipo. Majani ya Tebeswet hayakuwa na kasoro. Yalichumwa asubuhi, majani mawili na kichipukizi kama inavyotakiwa, yakafika kituoni saa sita mchana yakiwa mabichi na yananukia. Shida ilikuwa lori. Lori la kiwanda lilifika saa kumi na moja, siku nyingine saa mbili usiku, na majani ya chai yakirundikwa kwenye magunia hayangoji mtu. Yanapata joto lenyewe kwa lenyewe, hadi ukitia mkono ndani unadhani umegusa ugali uliotoka jikoni sasa hivi, na yakipata joto yanakuwa mekundu, basi yamekwisha.

Chepngeno hakuwa akikisia. Kazi yake ilimtaka aandike kilo tu, lakini yeye alikuwa na saa ya mkononi na tabia ya kuandika, na hizo mbili zikikutana hazizuiliki. Katika daftari lake la mistari aliandika, kila siku ya Mungu, saa ambayo mkulima wa kwanza alifika, saa ambayo lori lilifika, magunia mangapi yalikuwa yameshika wekundu lilipofika, na katika safu ya mwisho muda waliolingoja. Hakuna aliyemwagiza. Mumewe alikuwa akimtania kwamba akifa ataandika na hiyo.

Jumamosi alasiri alizichukua zile karatasi, akamaliza saa tatu akiinama mezani, kisha akampelekea jirani yake Phanice. Phanice Nyamwange alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana, mzaliwa wa Nyamira aliyekuja kufundisha miaka mingi iliyopita, akapenda baridi ya huku, akabaki. Alikuwa na kalamu za wino wa rangi, na alikuwa na ukali wa kupendeza. Aliiinua karatasi ya kwanza dirishani, akakunja uso. Chepngeno alikuwa ameandika siku zote mia moja na hamsini na sita. Zote, kwenye karatasi moja.

"Unataka waone nini hapa?" Phanice aliuliza.

"Yote, Mwalimu."

"Dada yangu, hii ni ile ya Obiero, tofauti ni kwamba yako ina mwandiko mzuri. Wakitoka kwa hiyo ofisi wakumbuke kitu moja tu, ungetaka ikuwe gani?"

Chai ilipoa kwenye kikombe cha Chepngeno. Aliona kwamba kuna mengi ya kusema, mvua, barabara, watu wanavyoumia, na kila moja lilikuwa likimvuta gauni kama mtoto. Mwishowe alisema polepole kwamba majani yetu ni mazuri, lori ndilo linalochelewa.

"Basi hiyo ndiyo kazi," Phanice alisema. "Hizi zingine uliandika ndio wewe mwenyewe uamini. Wao wape hiyo moja."

Wakaanza kufuta. Phanice alikuwa na chupa ya spiriti aliyoinunua katika duka la dawa la Kapkatet, na inafuta wino vizuri kabisa ukiwa na mkono mwepesi. Chepngeno alikuwa amesugua mizani na masufuria maisha yake yote, mkono wake haukuwa mwepesi. Karatasi ya kwanza aliisugua hadi ikawa na ukungu kama kioo cha lori asubuhi. Ya pili, aliyokuwa ameijaza mambo ya mvua na barabara, vilevile. Zikabaki tatu, na Phanice akamnyang'anya kitambaa.

Walichora hivi. Walichukua miezi sita, kuanzia Machi hadi Agosti, na kila mwezi wakaupa nguzo moja nyekundu. Nguzo ikienda juu, majani yalingoja lori saa nyingi. Kisha Phanice akapiga mstari mweusi wa kulala, kwenye saa nne, kwa sababu baada ya saa nne majani huanza kuharibika. Aprili ilipanda hadi saa nane. Mei saba. Julai na Juni sita sita, Machi tano. Agosti peke yake ilikuwa fupi, saa mbili, chini kabisa ya mstari. Juu wakaandika HALI YA TEBESWET, MACHI HADI AGOSTI, na pembeni, kwa herufi ndogo kama inavyofundishwa darasani, neno saa. Ilikuwa safi. Chepngeno aliishika mbele ya dirisha na kwa mara ya kwanza tangu barua ije alijisikia mwepesi, akacheka peke yake.

Kwenye karatasi ya nne walichora njia ya lori. Ya tano waliiacha tupu, kama akiba.

Phanice akampa na wosia wa mwisho. Alimwambia asiharakishe kuongea. Aweke picha, anyamaze, ahesabu moyoni hadi kumi, awaache watazame wenyewe, ndipo aseme ile sentensi yake moja. Alisema mtu akiona kwa macho yake mwenyewe hawezi kubishana na wewe. Ushauri mzuri sana huo, na ndio uliokaribia kuwaangamiza.

Alhamisi ya mkutano na wakurugenzi ilipofika, Chepngeno alivaa sketi yake ya kanisani na kwenda kiwandani na Dorcus, aliyechaguliwa na wakulima kuwa shahidi. Dorcus alikuja moja kwa moja kutoka shambani, na aproni ya plastiki ya kukinga umande kiunoni na ufito wake wa kuchumia mkononi, kwa maelezo kwamba mkutano ukiisha anarudi kuchuma na hana muda wa kubadilisha nguo mara mbili. Aliuegemeza ufito kwenye ukuta wa ofisi, akaketi, akanyoosha goti lake.

Wakurugenzi walikuwa saba, wote wakulima wa chai waliopigiwa kura na wenzao, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Kimutai, mtu wa sauti nzito ambaye bado alichuma mwenyewe ingawa alikuwa na wajukuu kumi na wanne. Vituo viwili vilitangulia. Karani wa kwanza alisoma jedwali, karani wa pili alisoma jedwali refu zaidi. Chai ililetwa, ikanywewa, haikusaidia. Ilipofika zamu ya Tebeswet, macho ya wakurugenzi yalikuwa mekundu kuliko majani yaliyolala kwenye gunia.

Chepngeno alisimama. Aliweka karatasi juu ya kioo, akaigeuza kwa sababu ilikuwa kichwa chini, na zile nguzo nyekundu zikachomoza ukutani, ndefu kuliko yeye. Chumba kiliamka. Wazee wakaketi wima. Akaanza kuhesabu moyoni, moja, mbili, tatu, akiona uso mmoja baada ya mwingine ukichangamka, na furaha ikaanza kumpanda. Wanaona, alijiambia. Wanaona kabisa.

Alikuwa amefika saba Mzee Kimutai aliposema kwa sauti yake yote, "Sasa hii ndiyo kazi. Angalieni Aprili hiyo. Hongera sana, mama."

Wakurugenzi wakapiga makofi.

Chepngeno alifungua mdomo, lakini mkurugenzi wa pili alikuwa ameshaomba kuongezea hapo. Alisifu Mei. Wa tatu akaongezea juu ya Julai na Juni, akasema hawa watu wa Tebeswet wanasingiziwa bure. Na ninyi mnajua mikutano yetu, mmoja akipongeza wote lazima wapongeze, asije mtu akaonekana ana kinyongo. Kila mmoja alipata neno. Mwishowe Mzee Kimutai alirudi tena na kutikisa kichwa kwa huruma ya mzazi. "Isipokuwa Agosti," alisema. "Agosti sijui mlilala."

Hata Dorcus alikuwa akipiga makofi. Dorcus, aliyengoja lori hilo saa nane mwezi wa Aprili akiwa amejifunika gunia, alikuwa akipiga makofi kwa bidii huku akitazama nguzo ya Aprili kwa fahari.

Chepngeno alihisi ardhi inamtoroka. Walikuwa wanausifu uozo na kuulaumu mwezi pekee uliokuwa mzuri. Akiwaacha hivyo watatoka wamefurahi, halafu Obiero atafungua jedwali lake, mstari wa thelathini na nne, na Tebeswet itaonekana imedanganya watu na picha. Obiero mwenyewe alikuwa ameelewa. Alikuwa amevua miwani na kuifuta, akamtazama kwa kusikitika, kisha akatazama saa. Alisema kwa upole kwamba zimebaki dakika nne.

Chepngeno aligeuka asionekane macho, na hapo ndipo alipouona ufito wa Dorcus umeegemea ukutani.

Kwenye chai, ufito ni hakimu. Ni mti mwembamba, mrefu, ulionyooka, ambao mchumaji huulaza juu ya kichaka kabla ya kuanza, kushoto kwenda kulia, ili meza ya chai, yaani uso wa juu wa vichaka, ibaki sawasawa. Kilicho chini ya ufito hukigusi, bado ni kichanga. Kilichochomoza juu ya ufito ndicho chako. Kadiri vinavyochomoza vingi, ndivyo kikapu kinavyojaa. Watu wale walikuwa wameutazama ufito tangu wakiwa watoto wa kubebwa mgongoni, na sasa yeye amewachorea mstari wa kulala na vitu vyekundu vimechomoza juu yake, halafu anataka wahuzunike. Lo! Hata yeye mwenyewe, kama si kwamba alichora kwa mkono wake, angepiga makofi.

Alitaka kulia, akajikuta anacheka. Kicheko kilimtoka puani, kikamtuliza.

"Wazee wangu," alisema, "mmesoma vizuri. Mimi ndio nilichora vibaya. Hizi nyekundu si majani. Hizi ni saa. Ni saa tunangojea lori."

Makofi ya Dorcus yalikatika hewani.

"Nipeni hizo dakika nne niwachoree majani."

Aliitoa karatasi nyekundu. Akaweka ile tupu juu ya kioo, na ukuta mzima ukawa mweupe. Alitoa kalamu ya kijani kutoka kwenye mkoba ambao Phanice alimfungia, na mkono wake ulipoingia kwenye mwanga ukatokea ukutani mkubwa mweusi. Kwanza alipiga mstari mmoja wa kulala.

"Huu ni ufito," alisema. "Ni vikapu vinane kwa kumi. Kiwanda kinasema majani mazuri yakiwa chini ya hapo, hayatoshi. Sivyo, Bwana Meneja?"

Obiero alisema ndivyo.

Hakuhitaji daftari. Alizijua namba zile kama majina ya watoto wake. Machi, alisema, tulingoja saa tano, na akaanza kuchora nguzo ya kijani kutoka chini. Ikapanda ukutani mbele ya macho yao, kikapu kwa kikapu, na ilipofika saba ikaishia hapo, chini ya ufito. Aprili, tulingoja saa nane. Nguzo ikapanda, tatu, nne, tano, ikasimama. Mzee Kimutai alitoa mlio mdogo kooni. Mei, tano. Wazee sasa walikuwa wakihesabu naye kwa sauti, wote saba, kama darasa la kwanza, na kila nguzo ilipokwama chini ya ufito waliguna pamoja. Juni, sita. Julai, sita. Chai yote imedumaa.

"Agosti," Chepngeno alisema. "Tulingoja saa mbili."

Alianza chini. Moja, wakasema wazee. Mbili. Tatu. Nne. Kalamu ilipita tano, ikapita sita, na sauti zao zikawa zinapanda pamoja nayo. Saba. Alisita kidogo hapo, nusu kwa sababu wino ulikuwa unakauka, nusu kwa uchokozi. Nane, na kijani kikagusa ufito. Akaupita. Tisa.

Hakuna aliyesikia Obiero akisema muda umekwisha, kwa sababu hata Obiero alikuwa anahesabu.

Kisha Chepngeno alichukua ile karatasi nyekundu akailaza taratibu juu ya ya kijani, ufito juu ya ufito. Plastiki ni plastiki, unaona yote mawili kwa pamoja. Nyekundu ilipokuwa ndefu kijani kilikuwa kifupi, nyekundu ilipokuwa fupi kijani kilichomoza. Sasa alikumbuka ile sentensi yake, akaisema. "Majani yetu ni mazuri. Lori ndilo linachelewa."

Mkurugenzi mmoja aliuliza kama si mvua iliyoleta shida. Lilikuwa swali la haki. Chepngeno alijibu kwamba Agosti mvua ilinyesha siku ishirini na moja, ameziandika pembeni mwa daftari. Kilichobadilika Agosti kilikuwa dereva. Yule wa kawaida alikwenda likizo, akaletwa Onyiego, mgeni, na hakuna aliyekumbuka kumwonyesha njia. Onyiego akafanya kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, alianzia kituo cha karibu, ambacho ni Tebeswet, kisha akapanda mlima. Chepngeno aliweka karatasi ya nne. Lori la kawaida lilizunguka mlima wote kwanza na kuja Tebeswet mwisho kabisa.

"Bwana Meneja," Mzee Kimutai alisema, "hii lori ilianza lini kwenda hivyo?"

Obiero akasema, na hii ndiyo iliyowafanya watu wampende zaidi, kwamba njia hiyo ameikuta imebandikwa ofisini siku aliyoripoti kazini. Ilipangwa wakati daraja la chini, lililo kwenye njia fupi ya Tebeswet, lilipochukuliwa na maji. Daraja lilijengwa tena miaka minne iliyopita. Hakuna aliyebandua karatasi. Alitazama ukuta kwa muda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akaipata kichwani.

"Nilikuwa na hizi namba," alisema. "Safu ya saba, saa za lori. Nilikuwa nazo zote."

"Ulizisoma hata," Mzee Kimutai alimwambia. "Sisi ndio tulilala."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwenye mashine za kukaushia. Wakurugenzi hawakuhitaji kutoka nje kushauriana. Lori lianzie Tebeswet kuanzia Jumatatu, na maneno ya kufunga kituo yaishe. Wakauliza pia vituo vile vingine viwili kama vina makarani wanaoandika saa, na makarani wale wakatazama viatu vyao. Waliambiwa waende waanze, wapewe miezi miwili.

Dorcus alimkumbatia Chepngeno pale pale mbele ya wazee, aproni ya plastiki ikipiga kelele, na akamwomba msamaha kwa yale makofi. Alisema aliona ufito tu, mikono ikaenda yenyewe. Jioni ile ile habari ilipomfikia Phanice, aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Kisha alisema, nusu kwa aibu, kwamba yeye amezaliwa kwenye chai, mama yake alikuwa na ufito nyuma ya mlango, na amefundisha grafu miaka kumi na moja bila kuuona. Jumatatu iliyofuata aliingia darasani nao mkononi, na wasichana walidhani wamekosa jambo.

Na Obiero? Kwenye mkutano mkuu uliofuata alileta karatasi moja tu. Ilikuwa na nguzo na mstari mmoja wa kulala, na cha juu kilikuwa kizuri. Aliomba waitazame, akanyamaza, akaonekana midomo yake ikihesabu. Hakuna aliyeanguka kutoka kwenye benchi.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Jumatatu ile ya kwanza, Chepngeno alifika kituoni mapema, akafagia, akaitundika mizani, akaketi kwenye kiti chake. Saa sita kasorobo alisikia honi. Alidhani ni gari la maziwa. Honi ikalia tena, na lori la kiwanda likateremka kona ya mwisho, tupu, linang'aa kama limeoshwa sasa hivi, na Onyiego mwenyewe, aliyerudishwa kwenye njia hiyo, kwenye usukani akipunga mkono.

Kituoni hapakuwa na mtu. Kwa miaka mingi watu wa Tebeswet walikuwa wamejifunza kwamba lori ni kitu cha jioni, na habari za wakurugenzi walizisikia, walizishangilia, lakini miguu ilikuwa bado haijaamini. Walikuwa mashambani wamelaza fito zao bila haraka. Honi ya tatu ndiyo iliyowagutusha. Ghafla vilima vyote vikajaa watu wanakimbia na vikapu mgongoni, wanaitana, wanacheka, wanalaumiana, na mbele ya wote alikuwa Dorcus na goti lake bovu, ufito ukiwa bado mkononi, akimpigia kelele Onyiego asithubutu kuondoka.

Onyiego alizima injini, akatoka, akaegemea tairi, akakunja mikono. Akasema hana haraka.

Kikapu cha Dorcus kilipotua mizanini, Chepngeno alifungua daftari lake. Tarehe aliiandika. Saa ya lori kufika aliiandika. Kisha akafika kwenye ile safu ya mwisho, safu ya kungoja, ambayo kwa miaka yote alikuwa ameijaza kwa maneno yaleyale, Tumelingoja lori, na idadi ya saa, na kalamu ikasimama. Alitazama saa yake, akatazama kilima. Akaipindua kichwa sentensi ya zamani, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, taratibu, kama mtu anayekula kitu kitamu: Lori limetungoja sisi. Dakika ishirini na tano.